Mama Aliyempenda Mwanawe Alipoanguka

Mwezi huu tunawaletea Lorraine Hansberry, binti Mmarekani mweusi wa Chicago. Alijifunza uchoraji, akawa mwandishi wa gazeti, kisha akaandika michezo ya kuigiza. Mwaka 1959, akiwa na miaka 28, mchezo wake A Raisin in the Sun ulionyeshwa Broadway, New York. Kabla yake, hakuna mwanamke mweusi ambaye mchezo wake ulifika hapo.

Katika mchezo huo, mjane anapokea dola 10,000 za bima ya marehemu mumewe. Analipa kianzio cha nyumba, na zilizobaki anamkabidhi mwanawe, zikiwemo za masomo ya binti yake anayetaka kuwa daktari. Kijana anatapeliwa zote. Dada yake anamkana kabisa. Lakini mama anamkemea binti: wakati wa kumpenda mtu zaidi ni pale anapokuwa ameanguka.

Hansberry alifariki kwa saratani mwaka 1965, akiwa na miaka 34 tu. Wazazi wenzetu, je, tuna mtoto tuliyemfungia mlango kwa sababu ya fedha? Tumkumbuke baba wa mwana mpotevu, tumfungulie.