Beni Isimsahau Mpagazi

Wazee wengi walioingia katika beni wakiwa vijana hawakuiacha hata mvi zilipowaota. Ndugu zetu wa Lamu na Unguja wanayajua hayo kuliko sisi wa Kidahwe, kwani ngoma hiyo ilianza pwani mnamo miaka ya 1890, kisha ikaenea bara pamoja na askari wa vita vya 1914 hadi 1918. Marini na Arinoti walikuwa na majenerali, makanali, hata wafalme wao. Walipiga gwaride kwa sare, wakasaidiana na kuzikana.

Wapo wasemao ile ilikuwa kuwaiga Wazungu tu. Hatukubaliani nao. Aliyenyimwa cheo na mkoloni alijipa mwenyewe, akakiheshimu.

Lakini tuna neno. Katika beni zote tulizozitazama hatujapata kumwona mpagazi. Na vita vile, ambavyo hapa Kigoma viliwafanya Wajerumani waizamishe wenyewe meli yao ya Götzen mwaka 1916 (ndiyo Liemba yetu), vilibebwa kwa mabega na vichwa vya wapagazi. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana nao; wangapi wanunuao ndizi pale wanalijua hilo?

Tunawaomba maofisa utamaduni, Bara na Visiwani, watakapoandaa beni katika sherehe, wamweke mtu mmoja nyuma ya majenerali, pekupeku, mzigo kichwani. Asipigiwe tarumbeta. Apite, watoto waulize ni nani.