Kabla ya Kuinunulia Shule Mashine ya Nyasi

Mvua ikibahatika kunyesha Lokichar, hazipiti wiki nyingi kabla ya ardhi iliyokuwa kavu kama kigae kufunikwa na majani mabichi. Ndani ya ua wa shule, ambamo mbuzi hawaruhusiwi kutia mguu, nyasi hizo hurefuka kuliko kwingineko. Nayo amri hutolewa bila kukawia: kila mwanafunzi aje na fyekeo, na aliyechelewa gwaride afyeke sehemu ya watu wawili. Jioni nyasi zilizofyekwa hulundikwa pembeni zikatiwa moto.

Walimu wengi wamechoshwa na mtindo huu, na wana haki ya kuchoka. Saa zinazopotea ni za masomo, na fyekeo mkononi mwa mtoto wa gredi ya sita ni chombo cha hatari. Ndiyo sababu kila panapozungumzwa habari ya wafadhili na vifaa vya shule, hakosekani mtu wa kupendekeza mashine ya kukatia nyasi, hasa ile isiyo na magurudumu ambayo huelea juu ya hewa. Pendekezo hilo lafaa kupimwa kwa utulivu, si kupigiwa makofi wala kubezwa.

Mashine yenyewe ina historia ambayo mwalimu wa sayansi angefurahi kuisimulia darasani. Mashine ya kwanza ya kukata nyasi iliundwa Uingereza mwaka 1830 na fundi Edwin Budding, aliyeiga mtambo wa kusawazisha malaika ya vitambaa kiwandani. Miaka mingi baadaye, katikati ya miaka ya 1950, Mwingereza mwingine, Christopher Cockerell, alitia kopo la chakula cha paka ndani ya kopo la kahawa, akapuliza hewa katika nafasi iliyobaki kati yake, akathibitisha kwamba hewa iliyobanwa hivyo yaweza kubeba uzito. Mwaka 1959 chombo kilichotokana na majaribio hayo kilivuka mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Mswidi Karl Dahlman akavutiwa na maajabu hayo, na katika miaka ya 1960 akayahamishia kwenye nyasi. Feni iliyo juu ya kisu huvuta hewa na kuisukuma chini ya kifuniko; hewa hiyo huinua mashine kidogo kutoka ardhini, na kisu kikazunguka kwa ulalo kama fyekeo lisilochoka.

Sifa zake si za uongo. Kwa kuwa haina magurudumu, mashine hii husukumwa mbele, nyuma na kando kwa wepesi. Kwenye mteremko ambako mashine ya kawaida hupinduka, hii hupita. Mtu mwenye bustani ya ukoka Limuru au Kericho, penye vilima na umande, akiinunua hatajuta. Laiti shule zote za Kenya zingekuwa Kericho, makala haya yangeishia hapa.

Lakini mto wa hewa hutaka ardhi iliyofunikwa sawasawa na nyasi fupi. Nyasi za Turkana huota kwa mafungumafungu, na kati ya fungu na fungu pana mchanga mtupu na changarawe. Hapo hewa huvuja, mchanga huruka machoni mwa anayeisukuma, na kisu hurusha vijiwe kama risasi. Nyasi zikirefuka, mashine hulemewa, maana iliundwa kwa ajili ya kupunguza ukoka, si kufyeka pori.

Hata hivyo, hayo ni matatizo ya ufundi, na fundi hodari aweza kuyapunguza. Lililo zito ni hili: mashine ya namna hii aghalabu huikatakata nyasi vipande vidogo na kuitawanya papo hapo. Humfaa yule ambaye kwake nyasi ni uchafu. Je, ni nani Lokichar ambaye kwake nyasi ni uchafu?

Waturkana wana jina la msimu wa mvua, akiporo, na jina la kiangazi, akamu, na maisha yao yote yamepangwa kati ya hayo mawili. Wana hata kanuni iitwayo ekwar, inayoipa familia haki juu ya miti ya kingo za mito ili maganda na majani yake yalishe mifugo wakati wa dhiki. Watu waliofikia kutunga sheria ya maganda ya miti hawawezi kuambiwa kwamba hawajui thamani ya jani. Kati ya mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na katika maeneo kame ya Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mwanafunzi aliyeona mbuzi wa nyumbani wakianguka mmoja mmoja ndiye huyo huyo anayeagizwa leo kuchoma malisho nyuma ya bweni, tena kama adhabu. Tangu viboko vipigwe marufuku shuleni mwaka 2001, kufyeka kumekuwa adhabu ya kila kosa, hata mtoto akajifunza kuichukia kazi ambayo babaye angeiheshimu.

Mji huu umepata kujulikana duniani tangu mwaka 2012, mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1. Mengi yamesemwa kuhusu utajiri ulio chini ya ardhi ya Lokichar. Ulio juu yake tunauwasha kiberiti.

Yupo atakayeuliza kuhusu nyoka na nge. Swali lake ni la haki, na jibu ni kwamba kandokando ya madarasa, mabweni na vyoo pafyekwe hadi ardhini, na watu wazima walioajiriwa kwa kazi hiyo. Sehemu hiyo ni ndogo. Uwanja uliobaki ni shamba la malisho ambalo tayari lina ua.

Kinachohitajika huko ni mundu. Nyasi zikatwe zinapoanza kutoa maua, kabla shina halijawa kama kijiti, zianikwe, zigeuzwe, zifungwe matita na kuwekwa chini ya paa. Baadhi ya mafungu yaachwe yakomae ili mbegu zipukutike kwa ajili ya msimu ujao. Si ndoto: huko Baringo, Trasti ya RAE imekuwa tangu mwaka 1982 ikizungushia ua ardhi iliyochakaa na kuiotesha nyasi, na wenyeji wakapata malisho na kitu cha kuuza. Mtaala wa Umilisi, unaosisitiza kujifunza kwa vitendo, una somo la Kilimo. Sioni kitendo kilicho karibu zaidi na mwanafunzi wa Turkana Kusini kuliko kupima uzito wa tita la nyasi kavu na kukadiria siku ambazo litamlisha mbuzi mmoja anayenyonyesha.

Kwa hiyo mfadhili akija na mashine yake inayoelea, apokewe kwa heshima na kuombwa abadilishe zawadi: miundu ya kutosha darasa moja, mawe ya kunolea, kamba, na mabati ya banda lisilo na kuta. Mwalimu mkuu naye atangaze gwarideni kwamba kuanzia akiporo ijayo kukata nyasi si adhabu tena, na kwamba matita yatakapokuwa tayari, wazazi wenye vitoto vya mbuzi ndio watakaoitwa kwanza.