Majivu Hayakaushi Mahindi

Mavuno yanapokaribia, Bariadi na wilaya zote za mkoa wa Simiyu hujaa ushauri wa kukinga mazao dhidi ya kuvu. Sokoni, kilabuni, kwenye mkutano wa chama cha ushirika (AMCOS), kila mtu ana lake: mmoja anasifu majivu, mwingine mwarobaini, wa tatu anawacheka wote wawili na kusema bila dawa ya dukani hakuna kitu. Ukweli umo katika maneno hayo, ila umechanganyika na makosa ambayo mengine yanaua. Tuyachambue madai matano yanayosikika zaidi.

"Simiyu ni kukavu. Kuvu ni shida ya watu wa Kagera na Mbeya."

Hili ni la hatari kuliko yote kwa sababu linasikika kama busara. Ni kweli bakajani chelewa, ule ugonjwa wa nyanya, hupenda baridi na umande. Lakini kuvu inayotengeneza sumu iitwayo sumukuvu, Aspergillus flavus, ni ya nchi za joto, na hushambulia zaidi mahindi na karanga zilizopigwa na jua kali wakati punje zinajaa. Mmea wenye kiu haujitetei. Ganda la karanga hupasuka, mchwa hutoboa, na kuvu iliyokuwa udongoni huingia kabla hata jembe la kuvunia halijatoka nyumbani.

Tazama maafa yalipotokea. Mwaka 2016 sumukuvu iliwafanya waugue watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Mwaka 2004 nchini Kenya waliugua watu 317 na kufa 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo inayosifika kwa mvua. Wilaya yetu ya Meatu inafanana zaidi na Kitui kuliko inavyofanana na Bukoba.

Kinga, basi, huanzia shambani: kupanda kwa mvua za mwanzo, kuchagua mbegu inayokomaa mapema, kufunga matuta ili maji yasikimbie, na pale ambapo mahindi hukauka kila mwaka, kurudi kwenye mtama. Karanga zikikomaa zing'olewe. Kila wiki ya kusubiri ardhini inaongeza hatari.

"Majivu na mwarobaini vinatosha ghalani."

Vinatosha kwa kazi yake. Majivu hukwaruza ngozi ya mdudu na kumkausha. Mwarobaini humfukuza na kumnyima hamu ya kula. Tangu mdudu dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, aingie nchini kupitia Tabora, kila anayemzuia anaisaidia familia yake, na anaizuia kuvu pia kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa kuwa mdudu hutoboa punje na pumzi yake huleta joto na unyevu ndani ya gunia.

Lakini majivu hayakaushi mahindi. Punje iliyoingia kihengeni ikiwa mbichi itaota ukungu hata ikizikwa katika majivu. Maji ya mwarobaini yamepunguza kuvu katika vyombo vya maabara, ila gunia la kilo 100 lenye unyevu ni jambo jingine kabisa. Kinachoamua ni unyevu, na kwa mahindi usizidi asilimia 13 hivi.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha acha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Bado yaongezee siku moja au mbili za jua kabla ya kuyafunga. Na yaanikwe juu ya turubai au kichanja, kwa maana ardhini ndiko kuvu inakoishi.

Mama wa Kisukuma anayekausha viazi vitamu hadi michembe ivunjike kwa mlio anajua kanuni hii bila kuambiwa na bwana shamba. Hatii dawa yoyote, na michembe yake hukaa miezi. Ajabu ni kwamba nyumba hiyohiyo huzirushia karanga maji ili maganda yalainike, zibanguliwe kwa urahisi. Maji yale yanaharibu kazi yote ya jua. Kama mikono inauma, mashine ndogo ya kubangulia ya kuchangiana kikundi ni nafuu kuliko gunia lililooza.

"Ukungu ukiota, koboa, osha, pika sana. Moto unaua."

Moto huua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki. Sumukuvu huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike. Ugali unachemka kwenye nyuzi 100 hivi. Kuyapikia pombe ya kienyeji nako hakuiondoi yote.

Kupembua na kukoboa, hata hivyo, vina faida ya kweli. Sumu nyingi hukaa kwenye punje chache zilizovunjika, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, na kwenye ganda la nje. Kuzitoa hizo hupunguza hatari sana. Ila kupunguza si kumaliza, maana punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu. Pembua mahindi mazuri ili yawe bora. Usikoboe yaliyooza ukidhani yamepona.

"Yakiharibika, wape kuku na ng'ombe."

Sumukuvu ilijulikana kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumu hii. Ng'ombe huvumilia zaidi, lakini sehemu ya sumu hupita kwenye maziwa. Katika mkoa wa wafugaji kama wetu, mtoto aliyenyimwa uji wa mahindi mabovu anaweza kuipata sumu yake kupitia kikombe cha maziwa. Pumba za mahindi hayo nazo ni hatari hiyohiyo. Yafukiwe au yachomwe.

"Njia za asili ni za asiye na fedha. Kuvu inataka dawa."

Muulize mkulima wa pamba. Mnyauko fusari umo Usukumani tangu miaka ya 1950, na hakuna dawa ya kupulizia inayouponya: kuvu hukaa udongoni kwa miaka, huingia mizizini na kuziba njia za maji ndani ya shina. Jibu lilitoka kwa watafiti wa kituo cha Ukiriguru, waliozalisha aina zinazouvumilia kama UK91, pamoja na kung'oa miche iliyonyauka, kubadilisha mazao na kutumia mbegu safi. Kule Mwamishali, Meatu, wakulima wa kampuni ya bioRe wanalima pamba ya kilimo hai, bila dawa za viwandani, tangu 1994.

Kuvu ya fugwe inayoshambulia mtama nayo hukaa juu ya ganda la mbegu, na majaribio ya Ethiopia yameonyesha kwamba kuloweka mbegu kwa muda mfupi katika mkojo wa ng'ombe uliochachuka na kuchanganywa na maji huipunguza sana. Hata Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, ni kuvu dhidi ya kuvu: aina zisizotengeneza sumu hupakwa kwenye punje za mtama, kisha punje hizo humwagwa shambani kilo 4 kwa ekari wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, na kuvu hizo huzinyima zenye sumu nafasi.

Wanaotetea dawa wana hoja moja: bakajani chelewa ikishaenea kwenye nyanya za umwagiliaji, hakuna majani ya kuchemsha yatakayoirudisha nyuma. Lakini kwa mahindi, karanga, mtama na pamba, mazao yanayobeba Simiyu, kazi kubwa inafanywa na mbegu, wakati na jua. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu msimu huu anunue turubai. Majivu anayo tayari jikoni.