Daftari la Wiki: Santuri ya Jioni

Jumamosi

Huu ni mwaka wa pili tangu mimi na sahibu yangu mmoja, mpiga fidla wa taarabu aliyehama hapa Tanga akaenda kukaa na bintiye Mombasa, tulipowekeana ahadi ya kwamba kila jioni, baada ya sala ya isha na chakula, kila mmoja ataweka santuri moja nyumbani kwake, aisikilize upande mzima bila ya kuikatiza, kisha amwandikie mwenzake kwa simu jina la alichokisikia na jambo moja, moja tu, ambalo sikio lake limelishika. Sharti hilo la jambo moja ndilo roho ya ahadi yenyewe. Mtu akiambiwa aandike mambo kumi ataandika sifa, na sifa ni nyepesi, hazimgharimu msifuji kitu. Walakini akilazimishwa kuchagua moja hana budi asikilize kama kadhi asikilizavyo ushahidi.

Jana nilimwandikia habari za Louis Armstrong na “West End Blues”, iliyonaswa Chicago mwezi wa Juni mwaka 1928, na jambo langu lilikuwa ile sauti moja ya juu ambayo tarumbeta yake inaishikilia karibu na mwisho, haipandi wala haishuki, hata msikilizaji akaanza kuhofia pumzi zake mwenyewe. Kumbe barua yake nayo ilikuwa njiani: Siti binti Saad, aliyevuka bahari pamoja na wenziwe kutoka Unguja hadi Bombay mwaka uleule wa 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri. Hatukuwa tumeshauriana. Mmoja yuko kando ya ziwa la Marekani, mwingine ng’ambo ya Bahari ya Hindi, wote wawili wazao wa watu walioonja utumwa, nasi tukawakutanisha usiku mmoja bila ya kukusudia. Nililala kwa furaha.

Jumapili

Santuri za zama zile zilikuwa na dakika tatu au zaidi kidogo kila upande. Zilifanywa kwa utomvu utolewao na wadudu wadogo wa miti ya India, ndio uleule wa lakiri ya kupigia mihuri vifurushi, na ikianguka moja huvunjika kama kigae. Wako wanaowahurumia waimbaji wa wakati huo kwa kufungiwa katika dakika hizo chache, nami siafikiani nao: stadi akijua kwamba sindano inamkimbilia, hutupa yote yasiyo ya lazima, na yanayobaki hukaa katika masikio ya watu umri mzima.

Marehemu baba yangu alikuwa na gramafoni ya kutiwa ufunguo, nayo ilikuwa pekee katika safu yetu ya nyumba. Jioni ilitolewa barazani juu ya kigoda, majirani wakaja, na ilikuwa ada, ingawa hakuna aliyeiandika, kwamba asiye na gramafoni huja na santuri, na asiye na santuri huja na dele la kahawa. Sisi watoto tulipewa kazi: mmoja wa kutia ufunguo, mmoja wa kubadili sindano, na mmoja, ambaye aghalabu alikuwa mimi, wa kuifuta santuri kwa kitambaa laini kabla haijawekwa. Wimbo ukiisha, watu hawakuharakia mwingine. Palipita kimya kifupi, kisha mzee mmoja husema neno, na mwingine humjibu, na katika maneno yale nilijifunza kusikiliza kuliko nilivyojifunza kwa mwalimu yeyote.

Jumatatu

Umeme haukuwapo usiku kucha. Nikamwandikia sahibu yangu kwamba leo sina kitu. Akanijibu kuwa yeye naye hakuweka chochote, ili asinitangulie.

Jumanne

Mjukuu wangu alikuwa akipekua rafu ya santuri, akatoa moja na kuniuliza, “Babu, mbona huyu Mmarekani anaitwa Mwandishi?”

Nikamketisha. Herbie Hancock, mpiga piano, aliitoa santuri ile mwaka 1971, na yeye na wenziwe watano walikuwa wamejipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, Buster Williams wa besi Mchezaji, Billy Hart wa ngoma Jabali, Bennie Maupin Mwile, na Eddie Henderson wa tarumbeta Mganga, tena kwa haki, maana alikuwa daktari aliyesomea tiba. Julian Priester wa tromboni aliitwa Pepo Mtoto. Hapo mjukuu akacheka, nami sikumkemea, ila nilimweleza kwamba mababu za watu hao walipopakiwa majahazini waliporwa hata majina, na kwamba wengi wao walitoka pwani ya magharibi ambako Kiswahili hakisemwi. Walakini wajukuu walipotaka jina lisilo la bwana wala la kabila moja, walikuja kulichota katika kisima chetu. Mtu akija kukuomba maji kutoka mbali hivyo, humwulizi kama anajua kushika kata.

Kisha tukaweka “Uhuru Afrika” ya Randy Weston, ya mwaka 1960, ambayo Melba Liston aliipangia ala zake na Langston Hughes akaiandikia maneno. Hata kabla ya ala kukolea, sauti ya Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika, inasema kwa Kiswahili kitulivu, ndani ya chumba cha New York, mwaka mzima kabla ya bendera yetu kupandishwa. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Mjukuu hakucheka tena. Aliomba irudiwe, na usiku ule jambo moja nililomwandikia sahibu yangu Mombasa lilikuwa ni kwamba mtoto aliomba irudiwe.

Jumatano

Bibi jirani yetu, ambaye umri wake umepita miaka 80, aliniita asubuhi kutoka dirishani kwake.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Yule uliyemweka jana usiku sana ni nani?”

Nikadhani nimemwudhi, maana kuta zetu ni nyembamba, na baada ya mtoto kulala nilikuwa nimeweka santuri ya pili kwa ajili yangu peke yangu. “Niwie radhi, Bibi. Leo nitaipunguza sauti.”

“Sikukwambia upunguze. Nakuuliza ni nani, kwa sababu yule hapigi muziki. Yule anaomba dua.”

Santuri yenyewe ilikuwa “A Love Supreme” ya John Coltrane, iliyonaswa katika studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey tarehe 9 Desemba 1964, siku ambayo sisi huku huikumbuka kwa uhuru wa Tanganyika. Katika sehemu ya kwanza, besi ya Jimmy Garrison inataja sauti nne tu, na Coltrane anazichukua sauti hizo nne akazibisha katika kila mlango, juu na chini, kama mtu anayelitafuta tundu la ufunguo gizani, hata mwisho kinywa cha binadamu kinalitamka jina la santuri mara nyingi mfululizo, kwa namna ambayo yeyote aliyepata kukaa katika halaka ya dhikri ataitambua. Na katika sehemu ya nne saksafoni haifuati mahadhi ya kucheza wala ya kuimba, bali inasoma. Inasoma silabi kwa silabi dua ambayo Coltrane mwenyewe aliitunga na kuichapisha katika jalada. Mimi nilimiliki santuri hiyo kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuelezwa jambo hilo na watu waliolichunguza. Bibi hajui Kiingereza, jalada hajaliona, ala ile hajui jina lake, naye alilijua kwa kusikia mara moja kupitia ukutani.

Nilimwandikia sahibu yangu kwamba jambo la leo limeshikwa na sikio la mwingine, na kwamba nalikabidhi kwake kama amana.

Alhamisi

Sahibu yangu amewasili alasiri kwa basi, na fidla yake begani, kwa ajili ya kesi tuliyokuwa nayo tangu mwezi jana. Aliniandikia wakati ule kwamba alijaribu kufuatisha “So What” ya Miles Davis, na fidla yake na santuri hazikukutana. Santuri iko juu kidogo. Mimi nikamjibu kwamba kwangu, nikiilinganisha na piano, iko sawa kabisa. Kila mmoja aliishuku mashine ya mwenzake. Kumbe sote tulikuwa wakweli. Tarehe 2 Machi 1959, wakati upande wa kwanza wa “Kind of Blue” uliponaswa New York, mashine ya utepe ilikuwa ikizunguka taratibu kuliko ilivyopasa, na utepe ule ulipochezwa kwa mwendo ulio sawa, muziki ukaenda mbio kidogo na sauti zikapanda. Santuri ziliuzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kosa kusahihishwa kwa utepe wa akiba. Yake ni ya zamani, yangu ni ya kuchapwa upya. Lau tusingalikuwa na ahadi yetu, kila mtu angalikufa na santuri yake moyoni, akiamini ndiyo.

Upande wa pili, ulionaswa Aprili, haukuwa na kosa. Baada ya isha tuliweka “All Blues” katika santuri yake aliyokuja nayo, taa tukaipunguza, na piano ya Bill Evans ikaanza kutetemeka kama maji ya bandarini wakati wa kusi jepesi. Akaikaza fidla, akasikiliza mizunguko miwili huku kidole kikihesabu juu ya goti, sita, sita, kisha akatabasamu na kusema polepole, “Chakacha hii, ila imetulia.” Akaingia chini ya tarumbeta, kwa sauti ndogo ya mtu anayeingia nyumba ya watu waliolala. Nikasikia dirisha la Bibi likifunguliwa.

Nilipomwuliza jambo lake moja la leo ni lipi, alinipungia upinde ninyamaze, kwani alikuwa bado anasikiliza.