Kibaba cha Mwaka Mzima: Bima ya Afya na Mfuko wa Mnyonge

Wahenga waliponena kwamba haba na haba hujaza kibaba, hawakuwa wakisifu subira tu. Walikuwa wakieleza jinsi nyumba ya mtu wa kipato cha chini inavyoendeshwa. Katika nyumba hiyo unga hununuliwa pakiti moja moja, mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe, makaa kwa mkebe, nayo sabuni hukatwa vipande. Si kwamba mwenye nyumba hajui kuwa gunia ni nafuu kuliko mkebe. Anajua fika. Lakini pesa humjia kwa siku, na kwa siku humtoka. Mageuzi ya bima ya afya nchini Kenya, pamoja na mema yake, yameisahau hesabu hii.

Tangu mwaka wa 1966 bima ya hospitali ilikuwa mikononi mwa NHIF. Mwaka wa 2004 Bunge lilipitisha mswada wa kuibadilisha kuwa bima ya jamii nzima, ila Rais Kibaki hakuutia sahihi. Ilibidi kungoja hadi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka wa 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi huiita SHA, ikachukua mahali pa NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake ghafi kila mwezi. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya kaya yake, kisha hutozwa kwa asilimia iyo hiyo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Haki itendeke: kwa baadhi ya wanyonge mabadiliko haya ni nafuu. Mlinzi anayepokea mshahara wa shilingi 15,000 alikuwa akikatwa 600 na NHIF. Sasa hukatwa 412 na senti 50. Anayepokea 100,000 alikuwa akikatwa 1,700. Sasa hukatwa 2,750. Mwenye nguvu kumbebea asiye na nguvu ndiyo maana ya bima ya jamii. Aidha, zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vimetengewa mfuko wa serikali ili aliyejisajili atibiwe bila malipo. Anayeyalaani mageuzi haya yote kwa mkupuo mmoja hajayasoma.

Tatizo liko kwa yule asiye na mshahara, na Kenya hao ndio wengi. Chukua mfano wa mwanamke auzaye sukuma wiki na nyanya pembezoni mwa soko la Kongowea. Tuseme amekadiriwa kiwango cha chini kabisa. Shilingi 300 kwa mwezi ni kama 10 kwa siku, pesa ambazo angezitoa bila kuzihisi sana. Lakini kanuni haimdai 10 wala 300. Yamdai 3,600 kwa pamoja, malipo ya mwaka mzima, ndipo mlango wa hospitali ya ngazi ya 4 umfungukie kwa bima. Kwa mwuzaji wa aina yake hizo si akiba, ni mtaji. Akizitoa leo, kesho hana cha kununulia nyanya. Chini ya NHIF alitakiwa kulipa 500 kwa mwezi, kiasi kikubwa zaidi, ila angeweza kukilipa mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo amepunguziwa bei na kunyimwa uwezo wa kununua.

Malipo haya, ajabu ni kwamba, huitwa mchango. Mswahili anapochanga, huleta alicho nacho siku aliyo nacho: huyu mia, yule hamsini, mwingine huahidi akasema atamaliza mwisho wa mwezi, na daftari humwandika wala hafukuzwi kikaoni. Kinachodaiwa kwa mkupuo, kwa kiwango alichopanga mwingine, kina majina yake mengine katika lugha.

Wakuu waliliona tatizo hili, na mwaka wa 2025 wakazindua mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Jina linavutia. Ukiutazama ndani, hata hivyo, ni mkopo: mwananchi hukopeshwa mchango wa mwaka, kisha hulipa kidogo kidogo. Bima hukatwa ili ugonjwa usimtumbukize mtu katika deni. Huyu sasa aingie kwanza katika deni ili akingwe dhidi ya deni! Mwaka uo huo serikali ilianza pia kuwalipia baadhi ya wasiojiweza kabisa. Hatua hiyo ni njema, ila mwuza mboga huenda asihesabiwe miongoni mwao. Ana kibanda, ana biashara. Ufukara wake haujatosha.

Ukadiriaji wenyewe nao una walakini. Mtu huulizwa habari za nyumba yake, choo chake, anachopikia, mifugo aliyo nayo. Maswali hayo huona bati na ng'ombe. Hayaoni karo ya mtoto aliye sekondari wala dawa za mzazi kijijini.

Wapo watakaouliza: je, kila mtu akiruhusiwa kulipa kwa mwezi, hatalipa ule mwezi anaougua tu na kutoweka? Hoja hii ina uzito, na NHIF yenyewe iliionja adha hiyo. Lakini dawa yake si kumfungia nje mwenye kipato cha siku. Kuna muda wa kungoja kabla ya huduma kubwa, kuna muhula wa kusamehewa anayechelewa. Vyama vya akina mama vya kuzungushiana pesa vimewadhibiti watoro kwa miaka mingi bila kumtaka yeyote alete fedha za mwaka mzima siku ya kwanza.

Kinachofuata bima ikikatika kinajulikana. Hufunguliwa kundi la simu, jamaa huchangishwa, mbuzi huuzwa, mtoto hukaa nyumbani muhula mmoja. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia hospitalini wanawake waliojifungua kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zao. Mpango wa Linda Mama ulikuwa umewaondolea wengi hofu hiyo, kwani mjamzito hakudaiwa mchango wowote. Sasa huduma ya uzazi imeingizwa ndani ya bima, na ujauzito haungoji 3,600 zitimie.

Sheria na iruhusu basi kila kaya ichague majira yake ya kulipa, bila mkopo. Mkulima wa majani chai hupata bonasi yake mara moja kwa mwaka. Huyo alipe kwa mwaka. Mvuvi wa Lamu alipe wakati wa kaskazi bahari inapotulia, asidaiwe kusi inapovuma. Na mwuza mboga wa Kongowea atume shilingi 10 zake jioni kwa simu, baada ya kufunga kibanda.