Bonde Kavu Si Kiwanja

Vitabu vya jiografia hueleza kwamba jangwa ni nchi ipatayo mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yana upungufu mmoja: humfanya mwanafunzi aifikirie mvua ya jangwani kuwa manyunyu machache yanayogawanywa kwa haki, mwaka baada ya mwaka. Mambo hayako hivyo. Mji wa Salalah, kusini mwa Oman, hupata kwa wastani milimita mia moja na kitu kwa mwaka. Mwezi Mei 2018 kimbunga kilichopewa jina la Mekunu kilimwaga mjini humo karibu milimita 280 katika muda wa saa 24. Mvua ya miaka miwili na zaidi ilinyesha kati ya machweo mawili.

Pwani ya Oman, pamoja na ile ya Yemen inayopakana nayo, ni pwani ya jangwa yenye msimu wa vimbunga. Kwa kuwa kimbunga hakiji kila mwaka mahali pale pale, aghalabu huhesabiwa kuwa ajali: hupita, waliokufa huzikwa, barabara hutengenezwa, na watu hurudi kuishi kama kwamba hakitakuja tena. Mtazamo huo ni wa hatari. Kimbunga ni sehemu ya tabia ya nchi ile kama lilivyo joto la mwezi Julai, na mwenye kujenga nyumba, shule au hospitali hana budi kukitia katika hesabu zake hata kama hajapata kukiona kwa macho.

Katika Amerika upepo huu huitwa harikeni, na katika Bahari ya Hindi huitwa kimbunga au tufani. Asili yake ni moja. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto lisilopungua nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, pale ambapo hewa yenye mvuke huweza kupanda kama moshi katika dohani bila kukatwa. Katika Bahari ya Uarabuni dohani hiyo hukatwa wakati kusi linapokolea. Upepo wa chini huvuma kwa nguvu kutoka kusini-magharibi na ule wa juu kutoka mashariki, hata wingu linaloanza kujijenga hupasuliwa. Zaidi ya hayo, kusi husukuma maji ya juu mbali na pwani za Somalia na Oman, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Kwa hiyo vimbunga hutokea hasa katika vipindi viwili: Mei na Juni kabla kusi halijashika, na Oktoba na Novemba kabla ya kaskazi. Manahodha wa majahazi walikijua vizuri kipindi cha katikati ya pepo hizo, wakakiita tanga mbili, kwa kuwa chombo kiliweza kwenda upande wowote. Majira hayo ya upepo mlegevu ndiyo ambayo bahari ya kaskazini hutengeneza dhoruba zake kubwa.

Hata hivyo, kwa mkaaji wa pwani ya jangwa adui mkubwa hatoki baharini. Hushuka kutoka milimani, nyuma ya nyumba. Milima ya Hajar, iliyo nyuma ya Muscat na uwanda wa Batinah, ni miamba mitupu. Haina msitu wa kuzuia matone wala udongo mnene wa kuyanywa. Mvua ikiipiga, maji huteremka mara moja katika mabonde makavu, ambayo Waarabu huyaita wadi, na baada ya saa chache huwa yamefika pwani. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii ubaoni. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni tani 1,000 za maji. Bonde linalokusanya maji ya kilomita za mraba 100, likipata milimita 200, limepokea tani milioni 20. Hata kama nusu yake itapotelea ardhini, tani milioni 10 zitatafuta njia ya kwenda baharini, na njia yenyewe ni ile ambayo jana ilikuwa mchanga mkavu wa kuchezea mpira.

Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kilidhihirisha jambo hili. Kilikuwa kimojawapo cha vimbunga vyenye nguvu kabisa kupata kupimwa katika Bahari ya Uarabuni, na kilipokuwa bado baharini upepo wake ulizidi kilomita 200 kwa saa. Kilipokaribia Ras al Hadd kilikwisha pungua, kwa kuwa kilianza kuvuta hewa kavu ya jangwani. Lakini kupungua kwa upepo hakukupunguza mvua iliyoangukia milimani. Mabonde yaliyokuwa yakitumika kama barabara na maegesho ya magari yakawa mito. Watu wapatao 50 walipoteza maisha katika Oman, na hasara ikakadiriwa kufikia dola bilioni 4 za Kimarekani. Mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari ilisimama, na mji uliokuwa umezama ukawa hauna maji ya kunywa.

Yafaa kuuliza kwa nini nyumba na barabara zilikuwa mahali pale. Jibu ni usahaulifu, na usahaulifu una sababu zake. Kimbunga Shaheen kilipopiga pwani ya Batinah tarehe 3 Oktoba 2021, na kumwaga milimita 369 katika mji wa Al Khaburah, kilikuwa cha kwanza kufika pwani hiyo tangu mwaka 1890, kile kilichoua watu zaidi ya 700. Miaka 131 ni vizazi vinne au vitano. Watu wa Unguja wanalifahamu jambo la namna hii: kisiwa chao kilidhaniwa kuwa nje ya njia ya tufani mpaka Aprili 1872, tufani ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo vya Sayyid Barghash bandarini. Huko Oman, pamoja na usahaulifu, kulikuja ukuaji wa haraka. Tangu mwaka 1970 idadi ya watu imeongezeka mara kadhaa, na miongoni mwa waliohamia Muscat wamo maelfu ya wenye kusema Kiswahili waliotoka Zanzibar. Mji ulihitaji ardhi tambarare, na ardhi tambarare kati ya mlima na bahari ni ile iliyolazwa na maji.

Wazee walikuwa na akili ya mahali. Vijiji vingi vya zamani vilikaa juu ya kingo, na mitende ikaachiwa sehemu za chini. Mafundi wa falaji, mifereji ya kale ya kumwagilia, walipotaka kuvuka bonde kavu hawakujenga daraja la kuzuia gharika. Waliupitisha mfereji chini ya sakafu ya bonde na kuuibua ng'ambo ya pili, gharika ikapita juu bila ya kuudhuru. Mhandisi wa leo mwenye saruji na chuma hana udhuru wa kujua kidogo kuliko hao.

Wako watakaojibu kwamba siku hizi kuna satelaiti na utabiri, na kwamba onyo likitolewa mapema watu watahama. Jibu hilo lina ukweli mwingi. Kimbunga kilichopiga kisiwa cha Masirah na pwani ya kusini mwezi Juni 1977 kiliua zaidi ya watu 100 katika nchi iliyokuwa na wakazi wachache. Shaheen kilipita karibu na maeneo yenye watu wengi mno, na waliokufa Oman walikuwa 14. Kazi ya watabiri wa hali ya hewa ilionekana. Lakini onyo humwondoa mtu tu. Nyumba, kisima, transfoma na zahanati hubaki bondeni. Tena mafuriko ya jangwani hayangoji kimbunga chenye jina. Mwezi Aprili 2024 mvua ya kawaida ya ngurumo ilijaza mabonde katika Samad al Shan, na wanafunzi kadhaa waliokuwa garini wakichukuliwa kutoka shuleni wakasombwa na maji.

Wengine huweka tumaini lao katika kuta. Ukuta una kazi yake, lakini ukuta mdogo ni mbaya kuliko kutokuwa na ukuta, kwa sababu huwakaribisha watu. Mfano mchungu uko upande wa pili wa dunia, katika mji wa La Paz, kwenye rasi ya jangwa ya Baja California nchini Meksiko, ambako nako vimbunga ndivyo viletavyo sehemu kubwa ya mvua. Usiku wa tarehe 30 Septemba 1976 harikeni Liza ilijaza bonde kavu lililokuwa limezuiwa kwa tuta la udongo juu ya mji. Tuta lilivunjika, na maji yakapita katika mitaa ya maskini waliojenga chini yake. Waliokufa walikuwa mamia.

Jambo la kwanza, basi, ni kuyapima mabonde yote, kuyachora katika ramani za viwanja, na kuyaacha wazi: yawe malisho, mashamba ya mitende, viwanja vya michezo, lakini yasiwe vitanda vya watu. Mwenye nyumba aliyekwisha pewa hati ya kiwanja bondeni apewe kingine. Kumlaumu yeye kwa kosa la mpimaji si haki.

Maji yanayoelekea bara nayo yana habari yake, na habari hiyo iliwafikia wakulima wa Afrika Mashariki. Mekunu, na baadaye Luban cha Oktoba 2018, viliacha maziwa ya muda katika jangwa la Rub' al Khali. Majani yakaota mahali ambapo hapana mtu wala kituo cha ukaguzi. Nzige wa jangwani walizaliana humo kwa muda wa miezi tisa, vizazi vitatu mfululizo, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba waliongezeka mara 8,000. Makundi yalivuka Yemen na Somalia, na mwishoni mwa Desemba 2019 yakaingia Kenya, uvamizi ambao nchi hiyo haikupata kuuona kwa miaka 70. Mkulima aliyepoteza mtama wake wakati ule alikuwa akilipa deni la mvua iliyonyesha Uarabuni mwaka mmoja na nusu kabla.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kuyaona maji haya kuwa msiba mtupu. Chini ya uwanda wa Batinah kuna maji matamu ambayo pampu zimeyavuta kupita kiasi, na bahari imeingia kushika nafasi. Visima vilivyo karibu na pwani vimegeuka chumvi, na mashamba yameachwa. Bwawa la Al Khoud, lililokamilika mwaka 1985 na kuweza kubeba mita za ujazo zipatazo milioni 11, halikujengwa ili kuhifadhi maji juu ya ardhi. Kazi yake ni kuisimamisha gharika mpaka matope yatulie, kisha kuyaachia maji safi polepole yapenye kokoto za chini. Matope hubaki nyuma ya ukuta na kuganda, na yasipochotwa bwawa hupungua uwezo wake kila gharika ijapo. Kazi hiyo ya kuchota hufanywa katika miaka ya ukame, na ndiyo fungu la fedha ambalo ni rahisi kulikata.