Ngumi si za Wanene tu

Bwana Mhariri, mvulana mwembamba akitaka kupigana ngumi hapa shuleni, wakubwa humcheka, humwambia akale posho kwanza. Mimi nakataa. Leo Rwabwogo alipigana katika uzito usiozidi kilo 51. Gunia la kahawa la kilo 60 sokoni Bwera lamzidi. Walakini mwaka 1968, huko Mexico, yeye na Eridadi Mukwanga waliiletea Uganda nishani zake za kwanza za Olimpiki: Mukwanga ya fedha, yeye ya shaba. Mwaka 1972, mjini Munich, alifika fainali, akashindwa na Georgi Kostadinov wa Bulgaria, akapata fedha. Hakuna bondia mwingine wa Uganda mwenye nishani mbili za Olimpiki. Alifariki mwaka 2009. Wachezaji mpira wa Ulaya twawataja wote, yeye hata Kasese wengi hawamjui! Ndugu mliomaliza shule, mmezoea kutuletea mipira. Safari hii leteni glavu, tena ndogo.